Kushinda, Kushindwa na Kupoteza: Maneno ya Mashindano baina ya Kiingereza na Kiswahili

1. Utangulizi

Katika Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, habari ya nani amemshinda nani ni habari ya kila siku. Mji huo umo katika nyanda za juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa zaidi ya nusu karne umekuwa makao ya wakimbiaji wa masafa ya kati na ya marefu. Uwanja wake wa michezo unaitwa kwa jina la Kipchoge Keino, na barabara zitokazo mjini hazikosi alfajiri vijana wanaofanya mazoezi makundi kwa makundi. Lugha zinazotumika kusimulia mbio hizo ni zaidi ya moja: Kikalenjin na lugha nyingine za wazawa husikika nyumbani, Kiswahili husikika sokoni, njiani na redioni, nacho Kiingereza hutawala darasani na katika magazeti mengi. Mwanafunzi atokaye uwanjani na kuingia darasani huvuka mpaka wa lugha, na hapo mpakani ndipo huzaliwa makosa mawili yanayostahili kuchunguzwa pamoja.

Kosa la kwanza limo katika Kiingereza cha wanafunzi. Mwanafunzi atakaye kueleza kwamba Kiptoo alimshinda Wafula aghalabu huandika 'Kiptoo won Wafula'. Mwalimu hulikata neno 'won' kwa wino mwekundu na kuandika 'beat' juu yake, pengine bila ya maelezo yoyote. Kosa la pili limo katika Kiswahili cha watu wazima, wakiwamo watangazaji na waandishi wa habari, wasemao kwamba 'Wafula amepoteza mbio'. Hili halikatwi na wino wa mtu yeyote, kwa kuwa wasemaji wake si wanafunzi tena.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makosa hayo mawili yana asili moja, nayo ni tofauti ya jinsi lugha hizi mbili zinavyogawa maana ya ushindi na ushinde. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba la pili, ijapokuwa halishtui masikio, ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu linafuta katika Kiswahili jambo ambalo sarufi yake ilikuwa ikilihifadhi: kwamba hapana ashindwaye bila ya kuwapo aliyemshinda.

2. Mgawanyo wa Kiingereza

Kiingereza kina vitenzi vitatu vya kawaida vya kueleza matokeo ya mashindano, navyo ni 'win', 'beat' na 'lose'. Tofauti iliyopo baina ya viwili vya kwanza haimo sana katika maana bali katika yambwa, yaani kile kinachotendwa. Yambwa ya 'win' ni shindano lenyewe au tuzo yake: mbio, mchezo, uchaguzi, kikombe, medali. Yambwa ya 'beat' ni mpinzani: mtu, timu, chama, jeshi. Mwingereza hawezi kubadilishana vitenzi hivi viwili. Akisikia kwamba Kiptoo 'won' Wafula, kinachomjia akilini ni kwamba Wafula ndiye aliyekuwa zawadi, na Kiptoo akamchukua kwenda naye nyumbani. Kitenzi cha tatu, 'lose', huchukua shindano kama yambwa yake, naye mpinzani, akitajwa, huletwa nyuma ya sentensi kwa neno 'to'. Asipotajwa, sentensi haipungukiwi na kitu.

Historia ya maneno hayo yasaidia kueleza tabia zao. 'Beat' latokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kupiga, na mpaka leo maana hiyo ya kwanza i hai. 'Win' latokana na 'winnan', lililomaanisha kufanya kazi kwa taabu, kuhangaika na kupigana. Ndiyo sababu yambwa yake ni kile kilichopatikana kwa taabu hiyo. 'Lose' latokana na 'losian', ambalo maana yake ilikuwa kupotea au kuangamia. Kwa maneno mengine, Kiingereza hueleza mashindano kwa mifano mitatu isiyohusiana: kumpiga mtu, kuchuma kitu, na kupotewa na kitu.

Kutokana na mfano wa kwanza, 'beat' limeenea hata pasipo na mtu. Kiingereza 'hupiga' rekodi, hupiga saa, hupiga msongamano wa magari, na hupiga siku ya mwisho ya kulipa ada. Kiswahili hakifuati huko. Rekodi huvunjwa, msongamano hukwepwa, na siku ya mwisho huwahiwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, katika jaribio ambalo halikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Mwandishi wa Kiingereza aliweza kutumia 'beat' kwa zile saa mbili. Mwandishi wa Kiswahili hakuweza kuandika kwamba Kipchoge alizipiga saa mbili. Wala hakuweza kuandika kwamba 'alishinda saa mbili', maana msomaji angeelewa kwamba alikaa mahali fulani kwa muda huo. Ilimbidi aseme kwamba alikimbia chini ya saa mbili, au kwamba alikivunja kizingiti cha saa mbili.

3. Upana wa kitenzi 'shinda'

Mahali ambapo Kiingereza kina 'win' na 'beat', Kiswahili kina kitenzi kimoja. Ichukuliwe mifano ya mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, ambamo Kipchoge Keino alitumia muda wa dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha kwa karibu sekunde tatu Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia:

(1) Keino alimshinda Ryun.
(2) Keino alishinda mbio.
(3) Keino alimshinda Ryun katika mbio.
(4) Keino alijishindia medali ya dhahabu.

Katika (1) yambwa ni mpinzani, na katika (2) ni shindano. Kiingereza kingelazimika kubadilisha kitenzi, Kiswahili hakibadilishi. Mfano wa (3) waonyesha kwamba viwili hivyo vyaweza kukaa pamoja katika sentensi moja, mpinzani akipewa nafasi ya yambwa na shindano likisogezwa pembeni. Mfano wa (4) unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Medali si mpinzani, wala si shindano. Haishindani na mtu. Kwa hiyo Kiswahili cha uangalifu hukinyambua kitenzi, kikatia kiambishi cha kujirejea na kauli ya kutendea, likapatikana 'kujishindia', yaani kushinda kwa faida ya nafsi yako. Wasemao 'alishinda medali' wamekwisha kuelekea upande wa Kiingereza bila ya kujua.

Kwa mintarafu hii, mwanafunzi aandikaye 'Kiptoo won Wafula' hakukosea kufikiri. Alichofanya ni kuchukua sentensi iliyo sahihi katika Kiswahili, na kila neno akalipa lile alilofundishwa kuwa ndilo sawa nalo. Alifundishwa kwamba 'win' ni kushinda, naye hakuambiwa kwamba lina mpaka. Kumkata kwa wino mwekundu hakumfundishi chochote ila kwamba Kiingereza ni lugha ya kubahatisha. Kanuni ya kumpa ni fupi: na atazame yambwa yake. Ikiwa ni mtu, timu au kikundi kilichokuwa kikishindana naye, atumie 'beat'. Ikiwa ni shindano au tuzo, atumie 'win'. Kanuni hiyo yafundishika katika kipindi kimoja, lakini ni lazima ifundishwe kwa kuanzia Kiswahili, maana huko ndiko kosa lilikotoka.

Upana wa 'shinda' hauishii hapo. Katika Kenya bara kitenzi hiki hutumika sana katika ulinganishaji: 'Eldoret kuna baridi kushinda Kisumu', 'Yeye ni mrefu kushinda nduguye'. Kiswahili sanifu hupendelea 'kuliko' au 'zaidi ya', lakini matumizi ya bara yameenea mno, na mantiki yake ni dhahiri: kila ulinganishaji ni mashindano madogo, ambamo mmoja humzidi mwenziwe. Kuna pia ile maana ya kukaa mchana kutwa, iliyomo katika maamkizi ya 'Umeshindaje?' na katika sentensi kama 'Ameshinda akifanya mazoezi'. Ikiwa hiyo ni maana ya kitenzi kile kile au ni neno jingine lililofanana nalo kwa sauti, ni suala la isimu linganishi, na haliathiri hoja ya makala haya.

Linaloathiri ni tabia nyingine ya kitenzi hiki, ambayo Kiingereza hakina mfano wake wa kawaida. Katika Kiswahili, kiima cha 'shinda' chaweza kuwa jambo lisilo na uhai, naye mtu akawa yambwa:

(5) Kazi hii imenishinda.
(6) Hesabu zimemshinda mtoto.

Asemaye (5) anakiri kwamba hawezi kazi hiyo. Lakini tazama jinsi anavyokiri: haanzi na udhaifu wake; anaanza na kazi. Kazi imepewa cheo cha mpinzani, nayo imetoka mshindi. Kutoweza, kwa jicho la Kiswahili, ni kushindana na jambo likakuzidi nguvu.

4. Maana mbili za 'shindwa'

Kutokana na mifano ya (1) na ya (5) huzaliwa, katika kauli ya kutendwa, matumizi mawili ya 'shindwa':

(7) Tergat alishindwa na Gebrselassie.
(8) Mgonjwa alishindwa kusimama.

Katika (7), 'shindwa' hufuatwa na 'na' pamoja na jina la mshindi. Katika (8) hufuatwa na kitenzi-jina, na maana yake ni kutoweza. Kamusi huziorodhesha kama maana mbili, na Kiingereza huzipa maneno tofauti. Hata hivyo, muundo ni mmoja: kuna aliyezidiwa, na kuna kilichomzidi. Tofauti ni kwamba katika (7) aliyezidi ni mtu, na katika (8) ni jambo.

Maadamu sentensi imekamilika, hapana utata. Utata huanza pale panapokatwa sehemu ya mwisho:

(9) Tergat alishindwa.

Msomaji wa (9) aweza kuelewa kwamba palikuwa na mwanariadha mwingine aliyetangulia, lakini aweza pia kuelewa kwamba Tergat hakuweza. Vichwa vya habari, kwa kubana nafasi, hupenda umbo hili la (9). Nayo tafsiri ya Kiingereza ya umbo hili huweza kuwa 'he was beaten', au 'he lost', au hata 'he failed', na kila moja husema jambo jingine kabisa.

Uzito wa jambo hili waonekana mtu akirudi katika habari yenyewe. Tarehe 25 Septemba 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, na Haile Gebrselassie wa Ethiopia walikimbia mita 10,000. Gebrselassie alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 18.20, Tergat alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 18.29. Baina yao palikuwa na sehemu tisa za mia moja za sekunde. Ni kweli kwamba Tergat alishindwa na Gebrselassie. Si kweli, kwa maana yoyote ile, kwamba Tergat alishindwa kukimbia. Sentensi ya (7) yasema ukweli wote kwa maneno manne. Sentensi ya (9) yauacha ukweli huo nusu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Berlin, mwezi Septemba mwaka 2003. Safari hii Tergat ndiye aliyeshinda marathoni, kwa muda wa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, nayo ikawa rekodi ya dunia. Sekunde moja nyuma yake alifika Mkenya mwenziwe, Sammy Korir. Rekodi iliyokuwapo kabla ya siku hiyo ilikuwa ya saa 2, dakika 5 na sekunde 38. Kwa hiyo Korir alikuwa ameipita rekodi ya dunia kwa zaidi ya nusu dakika, na bado alishindwa. Alishindwa na nani? Na mtu mmoja tu duniani. Lugha ikimtaja mtu huyo, inampa Korir haki yake. Isipomtaja, inamweka Korir katika sentensi moja na yule mgonjwa asiyeweza kusimama.

Wahenga waliliona jambo hili waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kama wosia wa adabu ya michezo, lakini nguvu yake imo katika sarufi. Kutokana na 'shinda' hupatikana 'shindwa' kwa kauli ya kutendwa na 'shindana' kwa kauli ya kutendana. Na kutokana na 'shindana' hupatikana 'mshindani'. Kushindana ni kila mmoja kujaribu kumshinda mwenziwe, na maana yake ni kwamba kila mmoja amekwisha kujiweka mahali pa kuweza kushindwa. Akatazaye kushindwa ameukataa mzizi wa jina analojiita. Mfasiri wa Kiingereza, akiipeleka methali hii kwa kutumia 'lose' na 'competitor', hupata wosia mzuri, lakini hoja ya mzizi mmoja humponyoka njiani. Katika ukoo huo huo wamo pia 'mshindi' na 'mshinde', 'ushindi' na 'ushinde', ambao ni mapacha waliotenganishwa kwa irabu moja ya mwisho. Inasikitisha kwamba 'mshinde' na 'ushinde' hazisikiki sana leo nje ya maandishi ya waangalifu, ilhali ndizo zinazokidhi haja ambayo watu wengi huitafutia maneno kwingine.

5. 'Lose' na 'poteza'

Kitenzi 'poteza' ni kauli ya kutendesha ya 'potea'. Kinachopotea hakijulikani kilipo. Anayepoteza ndiye aliyesababisha kitu hicho kisijulikane kilipo. Kwa hiyo 'poteza' hudai mambo mawili: kwamba mtu alikuwa nacho, na kwamba kilimtoka kwa njia fulani inayomhusu yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyo katika kupoteza ufunguo, kupoteza wakati, kupoteza mali na kupoteza fahamu.

Neno 'lose' la Kiingereza lina eneo kubwa kuliko hilo. Mtu 'lose' ufunguo, njia, uzito, fedha, kazi, mchezo, uchaguzi, vita na mzazi. Kiswahili, kabla ya kuazima muundo huo, kilikuwa kimeligawa eneo hilo kwa vitenzi vingi. Ufunguo hupotezwa. Njia mtu huipotea, na methali husema kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Mwili hupungua au hukonda. Biashara hupata hasara au hula hasara. Kazini mtu huachishwa. Mchezo, uchaguzi na vita mtu hushindwa. Na mzazi akifariki, watoto hufiwa.

Kitenzi 'fiwa' chastahili kuwekwa sambamba na 'shindwa', kwa kuwa ni ndugu yake katika muundo. Kimejengwa kutokana na 'fa', kwa kauli ya kutendea na ya kutendwa kwa pamoja. Husemwa kwamba watoto wamefiwa na mama yao, na katika sentensi hiyo mama hajafutwa: yumo, ametajwa baada ya 'na', kama alivyotajwa Gebrselassie katika (7). Siku hizi husikika sana 'Wamempoteza mama yao' au 'Tumempoteza kiongozi wetu', kwa kufuata 'lose'. Sentensi hiyo inaeleweka, na pengine msemaji huitumia kwa nia ya kupunguza makali ya kifo. Hata hivyo, katika mizani ya Kiswahili, wafiwa wamegeuzwa kuwa wapotezaji, kana kwamba mama aliponyoka mikononi mwao kwa uzembe.

Neno 'hasara' lenyewe linatoa ushahidi wa namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi wake hutumika kwa biashara na kwa mchezo pia: mfanyabiashara na timu ya mpira hutumia kitenzi kimoja. Kiswahili kilipolipokea neno hili kilichukua upande wa biashara peke yake. Hapana asemaye kwamba timu imepata hasara kwa maana ya kufungwa. Kadhalika 'fuzu', ambalo katika Kiarabu latokana na mzizi wenye maana ya kushinda, katika Kiswahili limepewa kazi ya kufaulu mtihani au kupata nafasi ya kuingia duru ifuatayo. Maneno hayo mawili yanathibitisha kwamba Kiswahili kilipoazima huko nyuma kilichagua. Kilichukua neno kikalipa kazi ambayo haikuwa na mwenyewe, na mahali pa 'shinda' na 'shindwa' pakaachwa vile vile.

Uazimaji wa 'kupoteza mchezo' hauna uchaguzi wa namna hiyo. Haukujaza pengo, kwa sababu pengo halikuwapo. Nao umeleta hitilafu mbili. Ya kwanza ni ya maana: sentensi 'Wafula amepoteza mbio' humfanya Wafula aonekane kama mtu aliyekuwa na mbio mfukoni, zikamdondoka. Ya pili ni ya muundo: katika 'Wafula ameshindwa na Kiptoo', nafasi ya Kiptoo imeandaliwa na kitenzi chenyewe, ilhali 'poteza' halina nafasi hiyo. Ndipo husikika miundo kama 'wamepoteza kwa Uganda' au 'wamepoteza mikononi mwa Uganda', ambayo ni viraka vya kuziba mahali palipotoboka. Aghalabu kiraka hakitiwi kabisa, na mshindi hutoweka katika habari ya ushindi wake mwenyewe.

Si kusema kwamba 'poteza' halina kazi katika habari za michezo. Timu iliyokuwa ikiongoza kwa mabao mawili mpaka dakika za mwisho, kisha yakasawazishwa, yaweza kusemwa kwamba imepoteza ushindi, kwa kuwa ushindi ulikuwa mikononi mwake. Tarehe 5 Agosti 2024, mjini Paris, Faith Kipyegon alimaliza wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Beatrice Chebet. Baada ya mbio waamuzi walimwondoa katika matokeo kwa madai ya kumzuia mwenziwe, kisha rufani ikakubaliwa na akarudishiwa nafasi yake. Katika muda ule wa katikati ilikuwa haki kusema kwamba Kipyegon alikuwa amepoteza medali, au kwa ukali zaidi, amepokonywa medali: ilikuwa yake, ikatoka. Lakini mbio zenyewe hakuzipoteza. Katika mbio alishindwa na Chebet peke yake, naye aliwashinda wengine wote.

6. Lugha ya kipigo

Yaweza kuulizwa kama Kiswahili nacho hakitumii mfano wa 'beat', yaani wa kupiga. Hutumia, na kwa wingi. Kurasa za michezo zimejaa timu zinazotandikwa, kuchapwa, kucharazwa, kunyukwa na kukung'utwa. Kutoka katika mieleka yamekuja 'kubwaga', 'kuangusha' na 'kulaza', nayo siasa imeyachukua yote kwa ajili ya wagombea wa uchaguzi. Katika mpira wa miguu lipo 'kufunga', ambalo ndilo la kawaida kuliko yote. Maneno haya hayana haja ya kushukiwa kuwa tafsiri za Kiingereza. Lugha nyingi hufananisha mashindano na vita, na katika Kiswahili jeshi kupigwa ni usemi unaofahamika na kila mtu.

Lililo muhimu ni kwamba vitenzi hivi vyote, pamoja na ukali wake, hufuata utaratibu wa 'shinda'. Vyote huchukua mpinzani kuwa yambwa, na vyote katika kauli ya kutendwa humkaribisha mshindi kwa 'na': 'wamecharazwa na', 'amebwagwa na', 'tumefungwa na'. Hata mwandishi wa vichwa vya habari apendaye vishindo hulazimika kuwa na watu wawili.

Hata hivyo, 'kupiga' lenyewe lina mpaka wake, na ndondi zauonyesha vyema. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Robert Wangila wa Kenya alijishindia medali ya dhahabu kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali. Asemaye 'Wangila alimpiga Boudouani' ametaja kitendo kilichofanyika ulingoni, ambacho Boudouani naye alikifanya. Asemaye 'Wangila alimshinda Boudouani' ametaja matokeo. Bondia aweza kupigwa sana na bado akashinda. Kiingereza, kwa kutumia 'beat' kwa yote mawili, huhitaji muktadha kuyatenganisha. Kiswahili huyatenganisha kwa kitenzi. Ndiyo maana mtoto wa shule anayeanza kujifunza Kiingereza, akiambiwa kwamba mwenzake 'beat' yeye katika mtihani, huweza kutafuta alama za fimbo.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiingereza hugawa ushindi kwa yambwa, hali Kiswahili huukusanya katika kitenzi kimoja. Na kwamba ushinde katika Kiswahili ni kauli ya kutendwa ya kitenzi hicho hicho, hali katika Kiingereza ni neno jingine lenye asili ya kupotea. Kosa la mwanafunzi aandikaye 'won' mahali pa 'beat' latokana na kukipeleka Kiswahili katika Kiingereza. Kosa la mtangazaji asemaye 'amepoteza mbio' latokana na kukileta Kiingereza katika Kiswahili. Haifai la kwanza likaadhibiwa na la pili likaachwa.

Yumkini pataonekana watakaosema kwamba lugha hukua kwa kuazima, na kwamba 'kupoteza mchezo' kumekwisha kuenea hivi kwamba hakuwezi kurudishwa nyuma. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na maneno 'hasara' na 'fuzu' yaliyotajwa juu ni ushahidi wake. Lakini ni ushahidi pia kwamba uazimaji bora hauondoi kilichokuwapo. Hoja ya pili si ya lugha bali ni ya uvivu. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya, na wanaokitumia hadharani wana dhamana ya kukitumia kwa uangalifu.

Yanayohitajiwa si mengi. Walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili katika shule moja washauriane, ili 'win' na 'beat' vifundishwe kwa kulinganishwa na 'shinda' badala ya kufundishwa kama orodha ya kukariri. Watangazaji na waandishi waliache umbo la 'ameshindwa' lisilo na mkia, na kila mara watakapotumia 'shindwa' kwa habari ya mashindano, wamtaje aliyeshinda. Watunzi wa vitabu vya shule warudishe 'mshinde' na 'ushinde' katika matumizi. Naye mfasiri akutanaye na 'lose' ajiulize kwanza ni kitu gani kilichotoka, na kilikwenda kwa nani, kabla ya kuandika 'poteza'.

Mahali kama Eldoret jambo hili si la kitabuni tu. Kwa kila mkimbiaji mmoja ambaye jina lake hupewa uwanja, wapo mamia waliokimbia nyuma yake na kumfanya awe na wa kumshinda. Wengi wao watamaliza wa pili, wa tano au wa ishirini maisha yao yote ya riadha, kisha watarudi mashambani na madukani. Jirani aulizaye habari zao aweza kujibiwa kwamba walipoteza, au kwamba walishindwa, au kwamba walishindwa na fulani siku fulani katika mbio fulani. Jibu hilo la mwisho ndilo refu kuliko yote, na ndilo ambalo sarufi ya Kiswahili imeliwekea nafasi.